Video Anayosifiwa Mume Wangu Niliipiga Mimi

Mpendwa mshauri, nisikilize hadi mwisho kabla hujanikemea, maana nimejifunga kamba mwenyewe na sasa sioni pa kuifungulia. Mimi na mume wangu tunapiga video za harusi, huu mwaka wa kumi na tisa, na watu wanamwita Fundi kwa sababu ya lenzi yake moja ya zamani, nzito kama tofali, ambayo inabana picha pana ili iingie kwenye kamera, kisha nyumbani tunaitanua kwenye kompyuta inakuwa pana kama ya sinema, taa za nyuma zinageuka umbo la yai na taa ya gari inachora mstari wa buluu ukingo hadi ukingo, na anavyoipenda hiyo lenzi, huifunika kwa fulana yake mwenyewe. Shida ni kwamba lenzi hiyo haina huruma, usipoizungusha barabara uso wa mtu unakuwa ukungu, na tangu mwaka juzi macho ya mume wangu yamepungua, hasemi, ila mimi ndiye mhariri, mimi ndiye ninayeona. Kwenye harusi ya binti wa jirani yetu mwalimu, bibi harusi analia amemkumbatia mama yake, Fundi kazungusha lenzi hadi pazia la nyuma likatoka safi, nyuso hazionekani kabisa. Bahati nilikuwa nimesimama kando na kamera yangu ndogo, ambayo picha yake ni kubwa mno, hata ukiipunguza haipotezi kitu, basi nikachukua yangu, nikakata juu na chini ikawa pana kama yake, nikampa mwalimu bila kusema neno. Mwalimu alikuja kumshukuru Fundi hadi machozi yakamtoka. Mume wangu akanigeukia, akacheka. "Unaona, mama watoto? Mzee bado yumo."

Nikasema, "Yumo, tena sana."

Mshauri, nimefanya hivyo harusi kumi na moja. Sasa chuo cha ufundi kimemwalika Jumamosi afundishe vijana kuhusu lenzi yake, na video wanayotaka aoneshe ni hiyo ya binti wa mwalimu akimkumbatia mama yake, ambayo hakupiga hata sekunde moja. Kila asubuhi anafanya mazoezi ya kuongea mbele ya kioo cha kabati. Nikimwambia nitamvunja moyo, nisipomwambia ataaibika mbele za watu. Nifanye nini?

Mhariri wa nyumbani


Dada yangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma, ya pili nimekunja uso.

Kukata video si kosa. Mama amepata kuona machozi ya mwanawe, na hilo linazidi taa zote zenye umbo la yai. Harusi ile ya kwanza ulimsitiri mumeo. Lakini kumi zilizofuata, dada, ulimdanganya, na sasa unataka kumwacha asimame darasani na kazi asiyoijua! Naye si mtakatifu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyumba moja, kitanda kimoja, kila mtu na siri yake.

Leo, mchana, keti naye. Mwoneshe video zote mbili, yake na yako. Usianze na "macho yako", anza na "nimekukosea". Kesho mpeleke kwa daktari wa macho, na ukae naye hadi aitwe, asije akatoroka. Na lenzi msiitupe. Kwenye filamu kubwa anayeshika kamera siye anayezungusha lenzi. Hiyo ni kazi ya mtu mwingine kabisa. Basi yeye achague picha, wewe uzungushe.

Kwa kuwa Jumamosi ilikuwa karibu, nilimsomea dada huyu jibu hili kwa simu kabla halijachapwa. Jana aliniandikia tena, na ameniruhusu niyaweke maneno yake hapa:

"Nilimwonesha. Alizitazama hadi zikaisha, kisha akasema, 'Nilijua si zangu. Nilidhani umechoka na kazi yangu, nikaogopa kuuliza.' Mshauri, tulilia kama watoto. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Jumamosi alionesha zote mbili. Akawaambia vijana, 'Yangu ina taa nzuri. Ya mke wangu ina uso. Mkilazimika kuchagua, chagueni uso.' Halafu akaniita mbele, akashika kamera, mimi nikazungusha lenzi, na kijana aliyekaa dirishani akatoka safi, hadi kope."

Dada, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nina agizo moja tu lililobaki. Siku ya upasuaji, kamera zote ziacheni nyumbani. Atakapofunguliwa bandeji, kaa karibu, uwe mtu wa kwanza atakayemwona.