Picha Zilizojaa Bwana Harusi

Mdogo wangu wa pekee,

Natumai u mzima, na shemeji pia, ingawa yeye nimemtaja kwa shingo upande. Sisi hatujambo. Mama bado anakuandalia sahani kisha anajicheka, na mimi nimeachiwa chumba kizima, usingizi siupati.

Malalamiko yako yamenifikia. Unasema kila ukifungua ukurasa wa albamu ya harusi niliyokupigia unakutana na mumeo: mara anakunywa maji, mara anafunga kamba za viatu, mara amesimama kwenye nyasi za hoteli na ziwa nyuma yake. Unauliza kama bibi harusi hakualikwa. Mama naye amesema hata mpiga picha wa vitambulisho angefanya vizuri zaidi.

Nilimjibu kwamba maji yalimetameta mno nyuma yako, uso ukatoka mweusi. Uongo mtupu. Harusi za pale ziwani nimezipiga picha mpaka nimechoka, najua pa kusimama.

Usinicheke: nilikuwa na wivu. Tangu umpate huyo bwana, habari zako nazisikia kwake. Hata ulipopata kazi, yeye ndiye aliyenipigia simu. Mimi niliyekubeba mgongoni kabla hujaota meno! Basi siku ile nilifunga lenzi ndefu nikamwandama. Nilitaka nimnase akipiga miayo baba anapohutubia, au akimkodolea macho mpambe wako. Picha moja tu ingenitosha, nikuletee nikwambie, haya, jionee mwenyewe.

Sikuambulia kitu. Zitazame tena, uangalie macho yake. Anakutazama wewe, hata pale watu wote walipogeukia keki. Nilikasirika kweli.

Jioni alinifuata kwenye gati nilikokuwa nabadilisha betri. Nikajua nimeshikwa. Kumbe alikuja kusema kwamba mchana kutwa hajaona mtu akinipiga picha na wewe. Akanipokonya kamera, akakuita. Kupiga hajui, maskini. Ametukata miguu, ziwa limeinama upande, wewe umefumba macho na mimi nimenuna.

Mama anataka niitume hiyo nayo. Siitumi. Mumeo ameondoka na wewe mzima mzima, hiyo aniachie.

Wasalimie majirani zako wapya. Na shemeji msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi dada yako,
ambaye bado amenuna.