Mwiba wa Nungunungu

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako nimeisoma, marahaba. Huku Dodoma tu wazima. Babu yako goti linamsumbua, na mjomba wako yuko Makutupora kwenye mavuno ya zabibu.

Unauliza mafundi wa zama za misafara walishonea nini, maana mavazi ya mchezo wenu wa kuigiza hutaki yaguswe na cherehani. Mimi nilimwona shangazi yangu Mwanaidi akishona kofia kama alivyofundishwa na wakubwa wake. Vile vitundu alivitoboa kwa mwiba wa nungunungu, kisha akavizungushia uzi kwa sindano hadi vikakaa duara safi.

Siku moja nikamwambia, "Shangazi, nifundishe."

Akaifunika kofia kwa upindo wa kanga. "Wewe utaolewa, uipeleke kazi yetu kwa watu. Namngoja mke wa mwanangu."

Ndivyo walivyokuwa: ufundi wa nyumba aliachiwa mkamwana, si binti. Lakini mwanawe alioa Tabora akakaa huko huko, na shangazi akafariki mkamwana hajakanyaga hapa. Simlaumu shangazi, ila nikiona kofia ya mashine roho inaniuma.

Mwiba wake ninao, nakutumia. Kutoboa utaweza, ule mzunguko wa uzi sijui nani wa kukuonyesha. Nami niliyeambiwa nitaondoka niliolewa nyumba ya jirani, na kutoka hapa ninapokuandikia nauona mlango wa shangazi.

Bibi yako