Matikiti Meupe Yamerudi Kiwengwa

Kiwengwa,
Unguja.
22 Februari 1956

Mpendwa ndugu yangu Mcha,

Assalaam alaykum. Shikamoo uliyoniletea katika barua yako ya mwisho nimeipokea, marahaba. Natumai kifua kimepoa na kazi ya bandarini inakwenda, na kwamba hapo Mombasa unakula chakula cha maana, si chai na mkate tu. Sisi huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua. Mimi jino langu nimeling'oa hatimaye, kwa hiyo nikicheka naziba mdomo, ingawa siku hizi hapa nyumbani sina la kunichekesha.

Mvua za vuli zilitosha. Mtama umesimama vizuri kule maweni, na paa la jikoni tumeliezeka upya. Mbuzi yule mweusi amezaa.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya matikiti. Najua utakunja uso ukisema Kidawa ameanza tena. Soma hivyo hivyo, na kama uko kazini, ikunje barua hii uisome ukifika chumbani, umekaa.

Naanza nyuma kidogo, maana nataka tukubaliane kwanza juu ya yale tunayoyajua sote. Mbegu ya matikiti meupe ni ya Mama, na kabla yake ilikuwa ya mama yake. Kila msimu huchaguliwa tikiti moja tu, lile lililo kubwa kuliko yote. Tunalila sote pamoja wala hakuna anayetema mbegu chini. Zote hurudi bakulini, zikaoshwa, zikachanganywa na jivu, zikatiwa katika kibuyu. Na kibuyu hicho hukabidhiwa mke wa mtoto wa kiume. Siku Mama alipompa Mwanapili, wewe mwenyewe ulisema sasa mkeo amekuwa mtu wa nyumba hii.

Msimu uliofuata mbegu za kibuyu kile zilipandwa, na matikiti yote yakatoka na ganda la kijani kilichokoza, karibu na weusi. Halikuwamo jeupe hata la dawa. Mama alisema mbegu zake alizitia kibuyuni kwa mkono wake, zimetoka katika tikiti jeupe, basi aliyezibadilisha ni aliyekuwa nazo. Akasema Mwanapili amempa mbegu kaka yake Usi, akatujazia kibuyu kwa mbegu za kuokota sokoni Darajani. Wewe ulikuwa hapa kwa likizo. Mwanapili alisimama mlangoni akasema, "Wallahi sikuigusa mie mbegu ya Mama." Hukumuuliza neno jingine.

Ijumaa ile, baada ya sala, ukamwacha kwa talaka tatu barazani pembeni ya msikiti, watu wanasikia. Alipotokea mtu akakukumbusha kwamba mkeo ana mimba changa, ulijibu kwamba aliyebadilisha mbegu kibuyuni hashindwi kubadilisha na hiyo. Mimi nilikwambia ungoje. Ukaniambia nikaangalie sufuria zangu. Mwezi wa Septemba Mwanapili akafa katika uzazi kwao Pwani Mchangani, na wewe ukapata habari, na hukuandika hata mstari mmoja.

Hayo tunayajua sote. Sasa sikiliza usiyoyajua.

Vuli hii Mama hakuwa na mbegu nyingine. Akapanda zile zile zilizotoka katika matikiti meusi, kwa shingo upande, ili shamba lisikae tupu. Kibuyu safari hii alikiweka mwenyewe chini ya kitanda chake na hakuna aliyekigusa. Mwezi huu yamekomaa. Mengi ni meusi, lakini katikati yake, Mcha, yapo meupe. Ni yale yale ya Mama, ganda kama maziwa yaliyotiwa maji. Kila ukitembea kidogo unaliona moja. Kwa kukisia ni kama robo ya shamba.

Mama aliliinua moja, akaligeuza, akalifuta mchanga kwa ushungi wake. Kisha akakaa chini, pale pale juu ya majani, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa siku hiyo. Ilibidi nimshike mkono kumrudisha nyumbani. Tangu hapo tikiti halijapita mdomoni mwake.

Bwana Shamba Mabrouk, yule anayezunguka kuangalia minazi, alipita Jumanne ya wiki iliyopita nikamwita aje aone. Hakushangaa hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza hivi. Ganda la tikiti ni la mama yake, yaani la ule mmea uliolizaa. Nyuki akileta chavuo, ule unga wa maua, kutoka mmea mwingine, mwaka ule huoni kitu, tikiti linatoka jeupe kama kawaida. Baba amekaa ndani ya mbegu tu. Ukizipanda mbegu hizo ndipo baba anapoonekana, na baba akiwa mweusi, weusi hufunika weupe wote. Lakini weupe haukufa. Panda mbegu za hayo meusi, na katika kila manne hivi, moja litarudi jeupe. Nikamuuliza, kwa hiyo mbegu za kibuyuni hazikubadilishwa? Akasema, "Zingebadilishwa kwa mbegu nyeusi za sokoni, bibi, msingeyaona haya meupe tena maisha."

Basi nikakaa nikawaza weusi ule ulitoka wapi. Wewe hujakumbuka bado? Msimu ule kabla Mama hajampa Mwanapili kibuyu, ulikuja kutoka Mombasa na mbegu ulizozifunga katika leso, ukamwambia Mama utamwonyesha matikiti ya mjini. Ukazipanda pembeni, upande wa ukuta wa mawe. Yalikuwa meusi na matamu, tukakusifu. Na tikiti la mbegu alilolichagua Mama mwaka ule, lile kubwa kuliko yote, lilikuwa la mwisho kabisa upande huo huo, majani yake yameingiliana na ya kwako. Sikuandikii haya kukusimanga. Nakuandikia kwa sababu Mwanapili alilipa kwa jambo ulilolitenda wewe bila kujua, na hapa hakuna mwingine wa kukwambia.

Jumatano Mama alitaka kwenda Pwani Mchangani. Nilimwambia magoti hayatamfikisha; akaenda, mimi nyuma yake nimebeba tikiti jeupe kikapuni. Nilikuwa na hofu tutafukuzwa. Mamake Mwanapili, Bi Kazija, alitukaribisha ndani, akatupa maji ya kunywa, akamsikiliza Mama mpaka mwisho bila kumkatiza. Mama alimwomba radhi kwa ulimi wake, na alimwomba radhi Usi pia. Bi Kazija akalitazama lile tikiti, akasema, "Haya, Bi Tabia. Hili lenu lisharudi." Mama alitazama mkeka.

Kisha Bi Kazija akatuletea mtoto. Ni wa kike, jina lake Mwamvua. Ana afya, analelewa kwa maziwa ya mke wa Usi. Sina haja ya kukwambia amefanana na nani, na wala Mama hakuuliza. Alimpakata akamsomea dua, na mtoto akalala.

Mcha, nilimwendea kadhi mjini kabla ya kuandika. Amesema kwa sheria mtoto ni wako, maneno ya barazani hayamkani mtoto bila kiapo mbele ya kadhi. Lakini watu hawaendi kwa kadhi kuuliza. Pale kijijini wanamwita Mwamvua wa Mwanapili, kama mtoto asiye na baba, na watoto wenzake wataanza kumwita hivyo mara tu watakapojua kusema. Bi Kazija hataki nguo wala hataki chochote cha kwetu. Ametaka kitu kimoja: uje mwenyewe Kiwengwa, siku ya Ijumaa, usimame pale pale barazani ulipomwacha mwanawe, useme mbele ya watu wale wale kwamba Mwanapili hakubadilisha mbegu na kwamba mtoto ni wako. Nikamuuliza kama barua ingetosha, isomwe na imamu. Akanijibu, "Alipomuacha hakuandika barua."

Nami naona ana haki. Usi amesema mfungo ukiingia na wewe hujaonekana, atamchukua mtoto kwenda naye Pemba na atamlea kwa jina lake yeye, na sisi tusimtafute tena.

Mama anakusalimu sana, anasema usimkasirikie, kwani yeye ndiye aliyeanza kusema. Mume wangu Abdulla anakusalimu, na wanangu, na Bi Mwanaasha wa nyumba ya pili anayekuulizia kila siku. Mwenyezi Mungu akulinde na vyuma na kamba za hapo bandarini, na akupe moyo mwepesi wa kutenda lililo zito.

Meli ya kuja Unguja unaijua siku zake. Barua hii usiijibu. Nikiona bahasha yenye mwandiko wako, sitaifungua, nitajua hukuja.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata hivi,
Kidawa