Nilijaza Chati ya Hofu Yangu kwa Mkupuo Mmoja

Kwako Mshauri Dolphine,

Naomba msaada wako, na naomba usinichape sana mbele ya watu ingawa najua nitachapwa tu. Mimi ni baba wa watoto watatu, asili yangu ni Nyamira lakini nimekaa huku Bureti miaka kumi na tisa nikifanya kazi katika kiwanda cha majani chai, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa mtu wa draya, ile mashine kubwa ya kukausha chai kwa hewa moto, mpaka Februari iliyopita iliposhika moto tukiwa zamu ya mchana na mwenzangu Oyugi akaungua mkono wa kulia kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko akifungua mlango wa chini ili tuzime. Alilazwa wiki sita, vidole viwili havikunjiki tena, sasa amewekwa langoni kufungulia malori. Mimi sikuungua hata unywele mmoja.

Tangu siku hiyo nikisikia tu ile harufu ya chai inayokauka moyo unaenda mbio, jasho linanitoka, mikono inakufa ganzi na najua kabisa kwamba leo ndiyo leo, nakufa, kwa hivyo wakanihamisha kwenye upakiaji, na daktari akanipeleka kwa kaunsela wa hospitali anayeitwa Celine. Mimi nilifikiri nitalazwa kwenye kitanda niulizwe habari za utoto wangu na baba yangu, lakini hapana, tulikaa tu kwa viti viwili, dakika hamsini, kila Alhamisi, akasema tutaonana mara kumi na mbili na kwamba hii ni tiba ya fikra na matendo, kifupi wanaiita CBT. Akaniambia, "Baba Nyabate, mimi sina sindano. Hapa tutafanya kazi, na ile kubwa utaifanya ukiwa huko nje." Akanipa karatasi za kujaza kila siku: kitu gani kimetokea, nimefikiria nini, mwili umehisi nini, nimefanya nini, na hofu ilikuwa ngapi kati ya sifuri na mia. Tukapanga pia hatua za kusogelea draya kidogo kidogo, kwanza nisimame nje ya kiwanda wakati inawaka, halafu kwenye korido, halafu mlangoni dakika kumi, mwishowe niishike.

Mke wangu Phanice alicheka, akasema, "Sasa unaenda huko kuongea tu na unarudi na homework kama mtoto wa gredi ya tatu, hiyo ni dawa gani?" Labda ni maneno hayo yaliniharibu, labda ni uvivu, sijui. Ukweli ni kwamba wiki mbili za kwanza nilijaza vizuri, halafu nikafika kwenye korido, harufu ikanipiga, nikarudi mbio mpaka chooni, na baada ya hapo sikujaribu tena. Lakini karatasi nilipeleka. Unajua kiwandani tunatakiwa kusoma kipimajoto cha draya kila nusu saa na kuandika kwenye chati, na ukiuliza mtu yeyote wa draya akiwa mkweli atakuambia huwa tunajaza zamu nzima mara moja, na tunabadilisha kalamu, buluu kidogo nyeusi kidogo, ili isionekane. Basi nilifanya vivyo hivyo. Kila Jumatano saa ya chakula nilikaa juu ya mifuko ya chai nikaandika hofu themanini, sabini, sitini, hamsini, na kalamu zangu mbili. Celine akafurahi sana. Wiki hii ameandika barua kwamba naweza kurudi draya, supavaisa ameniweka kuongoza draya namba mbili kuanzia Jumatatu ijayo, nikiwa na watu wawili chini yangu, na mimi hata mlango wake sijauona tangu Februari.

Na kuna jambo lingine ambalo sijamwambia Celine wala Phanice. Moto ulishika saa saba na dakika ishirini. Wakati huo chati ya siku hiyo nilikuwa tayari nimeijaza mpaka saa nane, bila kusoma kipimajoto. Huwa nafikiria kwamba mimi ndiye niliyemchoma Oyugi. Waliochunguza walisema ni unga wa chai ulioganda ndani ya bomba la hewa, lakini mimi najua nilichoandika. Kanisa nimehama ili nisikutane naye, na asubuhi naingilia mlango wa nyuma.

Sasa nijikaze tu niingie Jumatatu, ama niache kazi nirudi nyumbani nilime, na je, hii tiba imenishinda mimi au ni yenyewe haifanyi kazi?

Baba Nyabate, Bureti.

*

Baba Nyabate,

Jibu hili nimekutumia kwa simu tangu Jumanne kwa sababu Jumatatu yako haingojei gazeti. Nalichapisha kwa ajili ya wengine, na najua wako, wanaojaza kwa kalamu mbili.

Jumatatu huingii. Hilo si la kujadiliana. Ukishikwa na hofu yako mbele ya draya inayowaka, ukakimbilia chooni, watu wawili wanabaki na mashine bila kiongozi. Barua ya Celine imeandikwa juu ya karatasi za uongo, kwa hivyo haina kazi, na wewe ndiye mtu pekee anayejua hivyo. Leo, si kesho, mwambie supavaisa kwamba hujawa tayari na unaomba kubaki upakiaji mpaka kaunsela aandike upya. Huhitaji kumsimulia mengine. Ataudhika kidogo, halafu atatafuta mtu mwingine wa kuweka, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Kuhusu kuacha kazi ukalime, sikukatazi. Lakini mtu aliyehama kanisa na kubadilisha mlango wa kuingilia kazini hataishia hapo. Utafika Nyamira, upepo utaleta harufu ya kiwanda cha chai cha huko, nawe utatafuta pa kuhamia tena. Kila unapokimbia unapata nafuu ya siku moja, na hofu inaongezewa shamba. Ndiyo maana Celine alikupangia hatua za kusogea na si za kukaa mbali.

Unauliza kama tiba imeshindwa. Baba, hujaitumia. Umehudhuria. Ni sawa na mgonjwa anayechukua dawa kila wiki dirishani, anasema ahsante, anaiweka juu ya kabati. Nakuhurumia, kwa sababu korido ile ilikutisha kweli na ulirudi peke yako bila kumwambia mtu, na nyumbani ulichekwa. Lakini ulipaswa kuandika hivyo hivyo: korido, harufu, nikafikiri nakufa, hofu tisini na tano, nikakimbia. Hiyo ndiyo karatasi ambayo Celine angeifanyia kazi. Angekuuliza je, ulikufa? Angerudisha hatua nyuma, mkaanza na kunusa chai kavu kwenye bakuli mkiwa ofisini kwake. Zile namba zako nzuri zinazoshuka kumi kumi hazikumwambia chochote. Hofu ya mtu haishuki hivyo. Leo arobaini, kesho themanini kwa sababu hukulala vizuri, halafu hamsini.

Na wengine mnaosoma, msije mkadhani ni uchawi wala ni porojo. Kwa kawaida utaonana na kaunsela kati ya mara sita na ishirini, kila wiki au kila wiki mbili, nusu saa hadi saa moja. Mtaanza na yale yanayokusumbua sasa zaidi ya yale ya utotoni. Mtalivunja tatizo vipande vipande, kile unachofikiri, unachohisi mwilini, unachofanya, ili muone kipande kimoja kinavyosukuma kingine. Hakuna atakayekulazimisha kufanya hatua usiyoikubali, na una haki ya kusema hii ni kubwa, tupunguze. Wiki za mwanzo unaweza kujisikia vibaya kuliko ulivyokuja, kwa sababu unakigeukia kitu ulichokipa kisogo. Na si kila mtu inamfaa. Ikiwa umejaribu kwa ukweli na haikusaidii, mwambie, kuna njia nyingine. Ila kwa ukweli.

Phanice naye mpeleke siku moja, Celine akikubali, asikie mwenyewe homework ni ya nini. Anacheka kwa sababu hajaelezwa.

Sasa lile la chati. Ulifanya kosa, na ni kosa la miaka kumi na moja, si la siku moja. Sitakufutia. Lakini kuandika namba ya uongo ni jambo moja na kumchoma mtu ni jambo lingine, na wewe umeyafunga kamba moja ukayabeba hivyo tangu Februari. Je, kipimajoto kingeonyesha unga ulioganda ndani ya bomba? Mimi sijui. Wewe pia hujui. Kuna watu wanaojua, mafundi wenu, na hujawauliza hata mmoja, kwa sababu umekwisha kujihukumu na unaogopa kusikia rufaa. Swali hilo lipeleke kwa Celine kama lilivyo. Kupima wazo kama hilo, lipi linaliunga mkono na lipi linalipinga, ndiyo kazi aliyosomea. Baada ya kulipima huenda ukabaki na sehemu yako ya lawama. Sehemu inabebeka. Hiyo nzima unayobeba sasa ndiyo inayokutoa jasho kwenye korido.

Alhamisi nenda na kalamu moja na karatasi ambazo hujajaza. Kabla hajakuuliza wiki ilikuwaje, mwambie zile zote ulizijaza Jumatano kwa mkupuo mmoja. Uso utakuwakia moto dakika tano hivi. Hatakufukuza, amewaona wengi. Muombe muanze tena kutoka korido, na kwenye orodha ya hatua muongeze moja ambayo hamkuiandika: lango la mbele la kiwanda, saa ambayo Oyugi yuko zamu.

Siku ukiifikia hatua hiyo, usiende kumwomba akutue mzigo. Yeye ana mkono wake wa kushughulikia. Msalimie, mwulize vidole vinaendeleaje, na usimame hapo mpaka amalize kujibu.