Mbuzi wa Kipaimara Changu

Beni, Jumapili mchana

Kwako Baba,

Nakusalimia wewe na Mama, na wote wanaoota moto pamoja nanyi asubuhi. Mgongo wako uko namna gani? Kikohozi cha Mama kimepungua? Na viazi, je, mvua imeviacha? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haitulii, tangu niliposikia sauti yako katika simu ya Papa Zaina, mwenye nyumba ninapokaa: "Kahindo, utoke katika nyumba ile mbele ya mutihani. Mutoto wa katekista hawezi kulala kwa Baislamu." Nilisikiliza nikiwa jikoni. Mama Zaina alikuwa hapo anatwanga majani ya muhogo ya sombe. Alisikia kila neno, akaendelea kutwanga.

Unanijua, mimi mdomo wangu ni mzito. Kwa hiyo naandika.

Najua ni baba mudogo Mbusa aliyekueleza habari ya mbuzi. Mimi pia nilikuwa hapo, nivumilie nikueleze.

Baba mudogo alifika kutoka Kalunguta siku moja kabla ya kipaimara changu, na mbuzi dume mnene. Papa Zaina alikuwa amekubali wageni wote, wa kanisa na wa msikiti, wale pamoja uani kwake. Hapa watu wana desturi yao: kwenye sikukuu ya Mkristo, jirani Mwislamu ndiye anachinja, ili kila mtu aweze kula. Baba mudogo hakujua, au alisahau. Alitaka kuwapunguzia wenyeji kazi. Papa Zaina akiwa msikitini kwa sala ya alfajiri, yeye akachinja, akachuna, akapanga nyama vizuri juu ya majani ya ndizi. Papa Zaina alirudi, akachukua kisu alichokinoa jana yake, akafika nyuma ya nyumba, akasimama.

— Ee, Papa Mbusa! Mais lakini, si ungeningojea kidogo tu?

— Nikungojee ya nini? Kazi imeisha. Wewe upumzike.

— Donc basi, sisi hatutakula.

— Namna gani hamutakula? Nilifanya alama ya musalaba mbele ya kukata! Huyu mbuzi nilimuombea kuliko vile wengine banaombea batoto yao!

Watu walicheka, hata Papa Zaina alicheka. Baba mudogo hakucheka.

— Nyama yangu ni buchafu?

— Hapana, ndugu yangu. Ni sheria yetu.

— Na yetu ni muchezo?

Mama Zaina akakimbia sokoni kutafuta kuku, mume wake akawachinja. Hapo baba mudogo akaapa hataonja kuku aliyesomewa Kiarabu. Basi sikukuu yangu ikawa na sufuria mbili na mikeka miwili, na mimi katikati na nguo yangu nyeupe. Nilikula kidogo huku, kidogo kule, wala sikusikia ladha. Nilijiuliza Roho Mtakatifu niliyempokea asubuhi angekaa kwenye mkeka gani.

Jambo ambalo halinitoki kichwani ni hili: wote wawili walimtaja Mungu na kisu mkononi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Wewe ulimwambia nini?"

Jioni nilikuwa naosha sufuria na Zaina, binti yao. Tunasoma darasa moja, na katika hesabu ananishinda kila mara. Akaniambia:

— Kahindo, usikasirike. Ramadhani nzima nilikuwa nakuombea ugeuke Mwislamu.

— Weee! Na mimi Oktoba nzima nilikusomea rozari ugeuke Mkatoliki.

Tulicheka mpaka maji yakamwagika. Kisha akaacha kucheka.

— Kumbe unaonaka mimi nimepotea?

— Na wewe unaniona namna gani?

Tulirudi kusugua sufuria. Siku ile nilielewa kwamba mtu anaweza kukupenda sana, na upendo wenyewe ukakuumiza.

Baba, tangu hapo siachi kujiuliza. Naamini Kanisa letu ndilo la kweli. Lakini nikitafuta nilipoipata imani hiyo, sikuti kitabu, na mimi napenda vitabu. Nakukuta wewe, umenibeba mabegani kwenda kapela, kanisa letu dogo, koti lako linanuka moshi, unaimba na mimi nasikia wimbo ukipita katika mgongo wako kabla ya kufika masikioni. Zaina akitafuta yake, anamkuta baba yake amemshika mkono kwenda msikitini. Hakuna kati yetu aliyepima kwanza. Tulipenda kwanza. Labda ndiyo maana mtu akigusa dini yetu tunaona amemgusa baba.

Tena tunapima kwa mizani mbili. Baba mudogo alipoondoka alisema wale waasi wanaoua watu mashambani kwa jina la Uislamu ni ndugu za wenyeji wangu. Mdogo wake Mama Zaina aliuawa na watu haohao akitoka shambani. Mkristo akiiba, tunasema ni mwizi. Hatusemi ni ubatizo wake. Nilitaka kumjibu baba mudogo hivyo, nikamsindikiza tu mpaka barabarani.

Sijui namna ya kuamini kwa nguvu bila kumhesabu Zaina kati ya waliopotea. Kama wewe unajua, nifundishe. Nakuuliza kwa sababu nakuamini. Usione kwamba ninakupinga.

Kumbuka shule za kwetu Kayna zilipofungwa kwa sababu ya vita, uliponipandisha kwenye Fuso ya Papa Zaina juu ya magunia ya viazi. Hukumuuliza anasali akielekea wapi. Ulimwambia tu, "Huyu ni mutoto yangu." Tulifika hapa, tukakuta shangazi, ambaye ningekaa kwake, amekwisha kukimbilia Kasindi. Papa Zaina akasema, "Basi, ni wetu." Kila Jumapili ndiye anayenigongea mlango: "Kahindo, kengele ya kwenu imelia, utachelewa!"

Kutii, nitatii. Ukisema tena nitoke, nitaenda kwa baba mudogo Kalunguta, na mwaka wa shule utakatika katikati. Sitakulaumu. Ila ujue ni nyumba gani unanitoa.

Nisalimie Mama sana. Nisalimie yaya Kambale, kaka yangu mkubwa anayelima viazi pamoja nawe, umwambie dada yake bado anasoma akitembea na bado anajikwaa. Nisalimie koko, mama yako, na Mama Kavira anayefagia kapela. Wasingya, asante kwa sala zenu.

Jambo la mwisho. Anayekuletea barua hii ni Papa Zaina mwenyewe, wala hajui kilichomo. Atafika na njaa, maana njiani hali nyama, hajui ni nani aliyechinja. Mama akiona mgeni anakimbilia kuku, namjua. Umwambie angoje kidogo. Kama utataka kumkaribisha, mpe kuku akiwa mzima, na kisu.

Akirudi, sitamuuliza ulisema nini. Nitamuuliza alikula nini.

Ni mimi mtoto wako,
Kahindo