Ukuta wa Mbele

Tilt Harbour, Newfoundland
6 Aprili 1998

Mpendwa mdogo wangu Noreen,

Salamu nyingi. Hujambo huko Alberta? Mimi sijambo, ila magoti. Paka amezaa tena, safari hii juu ya nyavu za marehemu Baba.

Nimeamua kuifunika nyumba kwa vibao vya plastiki, vyeupe. Fundi Alphonsus anasema havitaki rangi mpaka nife, na nikishakufa si shida yangu tena. Nakuarifu tu.

Dada yako,
Philomena

Fort McMurray, Alberta
20 Aprili

Dada Mena,

Shikamoo. Pole na magoti. Sisi wazima, theluji bado ipo.

Plastiki? Nyumba ya Mama uivishe plastiki kama ndoo? Mama alikuachia wewe nyumba, mimi akaniachia bakuli la sukari, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Nakuonea wivu, Dada, tena sana. Unaamka chini ya paa lile lile, kila anayepita anajua wewe mtoto wa nani. Huku mimi si mtoto wa mtu. Tafadhali, usiiguse rangi ile ya njano ya nyumba.

Mdogo wako,
Noreen

Tilt Harbour
9 Mei

Noreen,

Habari za huko? Mimi salama, magoti yale yale.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mbao hizi zinaliwa na chumvi ya bahari. Kila baada ya kiangazi kimoja napanda ngazi, nakwangua, napaka, peke yangu. Halafu wewe ndiye wa kuona wivu!

Nyumba hii ilikuwa nyeupe. Wiki uliyoondoka, Mama alinunua njano. "Noreen akirudi aione tangu akiwa kwenye meli," alisema. Miaka ishirini na miwili nimepaka rangi ya kukukaribisha wewe. Hata alipougua, nikimlisha supu, uso wake uko dirishani: "Meli imefika? Nani kashuka?" Mimi mshika kijiko hakuniuliza hata kama nimekula.

Naichukia njano. Alphonsus anaanza Jumatatu.

Philomena

Fort McMurray
28 Juni

Dada Mena,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, mbili nimezichana.

Sikujua habari ya meli. Hakuna aliyeniambia. Nilidhani Mama aliipenda njano tu. Na mimi sikushuka hata mara moja, hata kumzika.

Weka nyeupe, Dada. Ni haki yako.

Mdogo wako,
Noreen

Tilt Harbour
15 Julai

Mdogo wangu Noreen,

Salamu. Magoti afadhali, watoto wa paka sasa wanakamata panya.

Alphonsus alimaliza pande tatu. Alipoegemeza ngazi kwenye ukuta wa mbele, unaotazama bahari, nikamwambia, "Shuka."

"Mena, utaiacha nyumba na uso wa njano na mgongo mweupe? Watu watacheka!"

"Wacheke. Shuka unywe chai."

Usidhani wivu umenitoka. Bado upo, nauona kila nikikutana na ukuta ule. Lakini Mama aliinunua njano ile kwa ajili yako, na mimi si mtu wa kufuta neno la Mama.

Ila siupaki tena. Kopo la rangi liko bandani, brashi iko msumarini, ngazi unaijua. Vibao vyeupe vilivyobaki nimemwambia Alphonsus asivichukue mpaka Agosti iishe; njoo uchague mwenyewe, njano au nyeupe.

Meli hufika saa kumi jioni. Mimi nitakuwa jikoni, si dirishani. Ukishuka, piga hodi kama watu wengine.

Dada yako,
Philomena