Oliva Anasubiri Nimwambie

Bombambili, Songea

Dada yangu mpendwa Kunegunda,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji na ule mguu wake, na wote hapo Mbesa. Sisi miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Baba Oliva kamaliza kupalilia, na mahindi yangu mwaka huu dada, wapita njia wanasimama kuyatazama. Ningekupigia simu, ila nyumba yetu unaijua, neno la chumbani linasikika jikoni, na haya sitaki Oliva ayasikie.

Kwanza usipande basi kuja kwenye sherehe. Hakuna sherehe. Sare za vitenge zimeshonwa, yako ina mikono mifupi kama unavyopenda, zimelala sandukuni. Mbuzi bado anakula majani nyuma ya nyumba. Oliva hafungi nadhiri tena. Amerudi nyumbani.

Wewe unajua nilivyomlea. Nani hapa mjini ana mtoto kama wangu? Ukimwambia kaa anakaa, mpaka umwambie inuka. Kile kisa cha mahindi nimekisimulia jumuiyani mpaka wenzangu wananimalizia: kwamba akiwa mdogo, hata shule hajaanza, nilimwacha alinde mahindi yaliyoanikwa mkekani, kuku wasile. Mvua ikanyesha. Nikamkuta amekaa pale pale, maji yanamchuruzika, kijiti cha kuku mkononi. Nikawa nasema, huyu ndiye mtoto wa amri ya nne, waheshimu baba na mama. Klementina, mwenyekiti wetu wa jumuiya, alianza kuniita Mama Sista hata kabla Oliva hajaenda utawani, nami nilikuwa naitika. Alipomaliza kidato cha nne nikamwambia Mungu anamwita. Akasema sawa mama. Hata swali hakuuliza, nikaona hiyo ndiyo neema.

Sasa kwenye mafungo ya kabla ya nadhiri, Mama Mkuu wa shirika akawaita wanovisi, wale wasichana walio kwenye malezi ya usista, mmoja mmoja kuwauliza kama wamekuja kwa hiari. Ndiyo desturi yao. Oliva akajibu kwamba mama yake amependa. Akaulizwa yeye mwenyewe je, anampenda Kristo. Akajibu kwamba kama inatakiwa, atampenda.

Nikaitwa. Nilikwenda na hasira zangu na kilemba kipya. Nikamwambia Mama Mkuu kwamba ninyi mnatafuta watii, nimewaletea mtii kuliko wote, halafu mnanirudishia kama gauni lisilomwenea mtu. Nikamsimulia na mahindi. Hakucheka. Aliniuliza taratibu, mahindi yenyewe yaliishia wapi. Nikasema yaliloa, yakaoza. Akaniambia kwamba Kristo alimtii Baba hadi msalabani kwa kuwa alimpenda, na kwamba mtoto anayemtii mama yake kwa upendo angekokota ule mkeka aingie nao ndani bila kuambiwa. Mwenye hofu, akasema, huiona amri tu, mvua haioni. Nikamjibu kuwa Oliva sijampiga hata kofi. Na ni kweli dada, sijampiga. Namtazama tu, inatosha.

Nilirudi nikimsema yule mama njia nzima. Jumuiyani nimewadanganya kwamba Oliva yuko likizo, ana malaria. Klementina akaleta uji, akatazama uani, akaniuliza Mama Sista, mbona mgonjwa wako anafua mablanketi?

Maana anafua dada, anapika, analima, hana kinyongo. Hiyo ndiyo inayonila. Juzi baba yake, naye si msemaji, akaniambia nimwache mtoto achague. Basi nikamketisha, nikamwambia kwa sauti ya chini nisiyoizoea kwamba amri zangu zimekwisha. Afanye anachotaka, akajifunze cherehani, aolewe, aje akae kwako, lolote. Akanikazia macho. Nikadhani analia. Halii, ananisoma uso. Kisha akaniuliza, mama, unataka nitake nini?

Nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku. Dada, kila sawa mama aliyoniambia huyu mtoto niliihesabu kuwa ni upendo. Sasa sijui kama ananipenda. Na siwezi kumwuliza, maana atanijibu ninachotaka kusikia.

Leo asubuhi kafunga begi. Sijui ni kwa kutaka, au ni kwa sababu nilikutaja. Amekaa kizingitini, begi miguuni, basi la Tunduru la kuja huko kwenu linakaribia kuondoka, anasubiri nimwambie nenda. Sisemi. Naandika nikiutazama mgongo wake, huku nimeng'ata ulimi.

Barua hii nitaiacha mezani, jina lako juu, sitamkabidhi. Ukiisoma, huenda kaichukua mwenyewe akaondoka bila kutumwa. Au huenda nimeshindwa, nikasema. Kwa hiyo akifika mpe kiti, weka chakula, usimwambie ale. Akinyoosha mkono mwenyewe, nipigie siku hiyo hiyo, hata nyumba nzima isikie. Akikaa tu anakutazama, usinipigie.

Msalimie sana shemeji, na majirani wote wanaonikumbuka. Kitenge chako nitakutumia. Mungu awatunze, na wewe unitunzie mtoto wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Yasinta, Mama Oliva